Nani Atatutengenezea Tarumbeta?

(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa tawi, Matayos, kwa niaba ya wapuliza tarumbeta)

 

Tumepewa nusu saa, na Mwenyekiti ametuonya kwamba akigonga meza hatutapewa dakika ya kuombaomba. Basi tunaingia katika jambo lenyewe. Katika karatasi ya mkutano limeandikwa "Pesa za Bendi". Twajua kwamba wengine mlipolisoma mlicheka, mkasema hawa watu wa kupuliza wanataka vitu vipya vya kung'aa. Tunaomba mtusikilize mpaka mwisho, maana tulilokuja kuomba silo mnalolifikiri.

Wengi wenu mlikuwapo mwaka juzi tulipomzika mwenzetu aliyekuwa akigeuza njia za reli pale Malaba. Alikuwa mwanachama asiyekosa mkutano, na mara nyingi alituchukulia ngoma kubwa mgongoni kutoka stendi, ijapokuwa yeye mwenyewe hakujua kuipiga. Tulisimama kando ya kaburi, tukaanza wimbo wa kumuaga. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Katika ubeti wa pili vali ya katikati ya tarumbeta la kwanza ilishuka, na haikupanda tena.

Kwa wasiopuliza twaeleza. Tarumbeta ni bomba la shaba la karibu mita moja na nusu, limekunjwa ili lichukulike mkononi. Lina vali tatu, yaani vibomba vitatu vilivyosimama, na ndani ya kila kimoja mna pistoni yenye matundu. Ukibonyeza ya katikati, pumzi inazungushwa katika kipande kidogo cha ziada, na sauti inashuka nusu hatua. Ya kwanza hushusha hatua nzima, na ya tatu hatua moja na nusu. Basi ya katikati ikikwama chini, karibu kila sauti unayotoa inapotoka nusu hatua, na wenzako wako mahali pao. Wimbo wetu ukawa kama kilio cha fisi. Mtoto mmoja akacheka. Mjane akageuka, akatutazama, asiseme neno. Mzee wa ukoo akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Je, chama chenu kimetuletea mabati?"

Mpiga ngoma ndiye aliyetuokoa, alipiga kwa nguvu mpaka ubeti ukaisha. Tuliporudi tukaifungua vali ile. Ndani tulikuta vumbi jekundu la barabara limechanganyika na mafuta ya cherehani, yameganda kama gundi. Kosa lilikuwa letu sisi, wala si la mtu mwingine. Hakuna aliyekuwa ametufundisha kwamba mafuta mazito hayafai mahali pale, nasi hatukuuliza.

Toka siku hiyo mmechanga kidogo kidogo ili bendi isiaibike tena, na tunawashukuru. Sasa yako mawazo mawili. Wengi mnaona tununue matarumbeta manne mapya kwa bei nafuu, jambo liishe. Sisi tunaoyapuliza, ambao ndio tungeyapokea mikononi, tunawaomba msifanye hivyo.

Kila Jumapili baada ya ibada sisi hukutana barazani pa duka moja la nafaka hapa Matayos. Tuko wafanyakazi wa reli, mwalimu mmoja, kijana wa bodaboda, na wazee wawili waliojifunza kupuliza katika Jeshi la Wokovu. Mke wa mwenye duka hutuuzia chai, na hutufukuza tukizidisha kelele. Mazungumzo yetu ni tarumbeta tu: nani analitengeneza vizuri, kwa nini hili lina sauti nene na lile sauti kali, kipulizio kipi kinafaa mdomo upi. Wengine huona ni upuuzi watu wa Bukhayo kubishana juu ya fundi wa Chicago ambaye hawajamwona. Huenda ni upuuzi. Lakini katika ubishi huo tumejifunza jambo moja, nalo ndilo tulilokuja kuwaambia: kupuliza hakudumu mahali pasipo fundi.

Tazameni zamani za hapa kwetu. Wazee wetu walikuwa na lwika, pembe ya kuitia watu. Ilipulizwa kwa vita, kwa kazi ya pamoja na kwa msiba. Nayo ilitoka wapi? Ilitoka kwa jirani. Alichukua pembe, akatoa kiini cha ndani, akatoboa tundu ubavuni kwa chuma cha moto. Ikipasuka, unavuka mto mdogo, unampelekea mtu yuleyule, na malipo yake pengine ni kuku. Hapakuwa na siku ambayo kijiji kilikosa pembe kwa sababu duka limefungwa.

Kule Uganda, kwa wenzetu wa Bunyoro, kuna makondere ya mfalme. Hayo ni matarumbeta yaliyotengenezwa kwa vibuyu vilivyounganishwa, na kila moja hutoa sauti yake. Mmoja anapuliza sauti yake, jirani yake anajibu kwa yake, na wimbo unapatikana kwa zamu. Mtu mmoja peke yake hawezi kupiga wimbo hata akiwa hodari namna gani. Falme za Uganda zilifutwa mwaka 1967, zikarudishwa mwaka 1993, na makondere bado yanasikika. Sisi twaamini sababu moja ni hii, kwamba kibuyu huota shambani, na wanaojua kukikata walikuwa bado hai.

Pwani nako kulikuwa na siwa. Ya Lamu ni ya shaba na ya Pate ni ya pembe za ndovu, na leo zimewekwa katika makumbusho. Zilipulizwa katika sherehe za wakubwa na arusi za waungwana. Lakini watu wa kawaida wa pwani, walioona bendi za askari na kuzitamani, walianzisha ngoma ya Beni tangu miaka ya 1890. Wakajigawa katika makundi ya kushindana, wakajipa vyeo vya kijeshi. Wapagazi na askari wa vita vya 1914 hadi 1918 wakaichukua Beni bara, na wafanyakazi wakaifikisha mpaka migodi ya shaba ya Zambia. Wachimbaji walipogoma kule mwaka 1935, wakubwa wa serikali ya kikoloni waliunda tume ya uchunguzi, na tume hiyo ikauliza sana habari za Beni. Waliogopa ngoma! Waliona kwamba watu wanaojua kujipanga kwa ngoma wanaweza kujipanga kwa mambo mengine.

Na huko kaskazini mwa Malawi, ambako matarumbeta ya shaba hayakupatikana kirahisi, watu hawakukaa kimya. Walikata vibuyu, wakatia utando wa buibui kwenye tundu, wakaimba ndani yake, na sauti ikatoka kama ya bendi. Ngoma hiyo huitwa malipenga. Hatusemi turudi kwenye vibuyu. Tunasema watu wale hawakungoja meli.

Sasa tuje kwenye tarumbeta hili la vali, maana nalo lina asili yake. Vali ilipewa hati ya serikali huko Prussia, nchi ya Ujerumani ya leo, mwaka 1818. Watu wawili waliandikwa pamoja, Stölzel na Blühmel. Huyu Blühmel, ndugu zangu, alikuwa mpigaji katika bendi ya mgodi. Mtu wa bendi ya wafanyakazi kama sisi! Pistoni tunayoitumia leo ilirekebishwa na Périnet, mjini Paris, mwaka 1839, na tangu hapo haijabadilika sana.

Wale mafundi tunaowabishania Jumapili, wengi wao walianza kama wapulizaji. Vincent Bach alizaliwa Austria, akawa mpuliza tarumbeta, akaenda Marekani mwaka 1914. Huko New York alianza kwa kukereza vipulizio tu katika mashine ndogo, na baadaye ndipo akatengeneza matarumbeta mazima. Elden Benge na Renold Schilke wote wawili walipuliza katika okestra kubwa ya Chicago kabla hawajajulikana kwa ufundi. David Monette yeye alikuwa akitengeneza yaliyoharibika, na kutokana na kuona makosa ya wengine akaanza kutengeneza yake mwaka 1983. Tarumbeta lake moja bei yake hupita pikipiki kadhaa, na mteja hutengenezewa kulingana na pumzi na mdomo wake. Kijana wetu wa bodaboda haachi kumsifu. Wazee wanamjibu kwamba pikipiki humletea mtu unga nyumbani.

Katika ubishi huo wako wanaofuata jina lililochorwa kwenye shaba na wako wanaofuata mkono. Sisi tulio wengi tumeelekea mkono, na lililotufanya tuelekee huko linahusu mkutano huu.

Bach alipozeeka aliuza kampuni yake mwaka 1961, na kazi ikahamishiwa mji wa Elkhart, jimbo la Indiana. Mji huo umeishi kwa vyombo vya muziki kama Malaba inavyoishi kwa mpaka. Kule tarumbeta lilitoka mikononi mwa watu wengi. Huyu anakata bati la shaba, huyu anaunga mshono, huyu anapiga nyundo ule mdomo mpana wa mbele mpaka uwe mwembamba sawasawa, huyu anasugua pistoni iingie bila kukwaruza na bila kuvujisha pumzi. Hiyo si kazi ya kujifunza wiki mbili. Tarehe 1 Aprili 2006 wafanyakazi hao, kiasi cha 230, waligoma kwa ajili ya mishahara na masharti ya kazi. Walikuwa wanachama wa chama cha wafanyakazi wa magari cha Marekani. Kampuni ikaajiri wengine mahali pao. Mgomo ukapita mwaka wa kwanza, ukapita wa pili, na wa tatu. Mwaka 2009 kura ikapigwa kiwandani, na chama kikaondolewa.

Fikirini, ndugu. Miaka mitatu mlangoni, katika baridi ya theluji, na jina lililochorwa kwenye tarumbeta ni lilelile. Wapulizaji wa nchi nyingi walibishana kama yaliyotengenezwa wakati wa mgomo yalikuwa mazuri kama ya kwanza. Wengine walisema mashine ni zilezile. Wengine walisema walisikia tofauti. Sisi hatuna sikio la kuamua jambo hilo tukiwa Matayos. Lakini siku tuliyoelezwa habari ile, baraza lilinyamaza, na mke wa mwenye duka akauliza: "Na wale wa kwanza walikwenda wapi?" Hakuna aliyemjibu. Tangu hapo mtu akija na tarumbeta lolote tunauliza kwanza: limepitia mikono ya nani?

Lakini msidhani kwamba habari za vyama na muziki ni za kushindwa tu. Jirani zetu wa Tanganyika walipounda chama chao kimoja cha wafanyakazi, NUTA, mwaka 1964, chama hicho kilianzisha bendi yake, NUTA Jazz. Muhidini Gurumo alikuwa mmoja wa waimbaji wa mwanzo. Ilikuwa na gitaa, na ilikuwa na matarumbeta na saksafoni za kujibizana nazo. Chama kikabadili jina kuwa JUWATA, bendi nayo ikaitwa JUWATA Jazz. Kikawa OTTU, nayo ikawa OTTU Jazz. Leo watu huiita Msondo Ngoma. Na Jeshi la Wokovu, lililofika Kenya mwaka 1921, kule Uingereza lilikuwa na kiwanda chake lenyewe cha vyombo vya bendi katika mji wa St Albans, mpaka kilipouzwa mwaka 1972. Wazee wetu wawili wanapenda sana kulisema hili. Kanisa lililokuwa likihubiria maskini barabarani liliona haliwezi kumtegemea fundi wa mtu mwingine.

Turudi kwetu. Mwaka 2019 tulipeleka pesa zetu katika duka moja mjini, tukanunua matarumbeta matatu mapya. Yaling'aa kama kioo. Baada ya miezi minane pistoni za moja zilianza kukwaruza, na la pili likalegea viungo. Tulipolirudisha tuliambiwa hayatengenezwi, yanabadilishwa tu kwa pesa nyingine. Hayo matatu leo yako juu ya kabati la ofisi, na panya wanayajua kuliko sisi. Manne ya zamani, ambayo umri wake hatuujui, ndiyo tunayopuliza mpaka leo.

Hatukutaka kukaa tu. Mwenzetu mmoja, mchomeaji hodari wa mabehewa, alijitolea kuunga kiungo kilichokatika. Yumo humu ndani na ametupa ruhusa tuseme. Alileta moto aliouzoea, ule wa kuyeyusha chuma cha behewa. Alipougusa ule unyayo mdogo wa shaba, viungo vyote vya jirani vikaachia kwa pamoja, na tarumbeta likampukutikia mikononi kama gunzi la mahindi. Bomba moja likatoboka. Alikaa kitako chini, akasema, "Ningeambiwa niunge injini ningeiunga." Ndipo tukajua kwamba viungo vya tarumbeta hushikwa kwa risasi laini ya kulehemu, ambayo moto mdogo tu unatosha.

Na moto mdogo huo tuliukuta karibu kuliko tulivyodhani. Hapo Busia yuko fundi wa rejeta za magari. Rejeta za zamani ni shaba, na huzibwa kwa risasi hiyohiyo. Mtoto wa mwanachama wetu anajifunza kazi kwake. Tuliwapelekea vipande vyetu katika gunia, na kwa siku mbili kijana yule aliviunga vyote, akaweka kiraka mahali palipotoboka. Si pazuri kwa macho. Lakini pumzi haivuji.

Mafiti wetu nao wakakereza vyuma vya mviringo, vinene huku na vyembamba kule, vya kuingizwa ndani ya mdomo mpana ili mahali palipobonyea pasukumwe kutoka ndani. Kwa bomba jembamba tunatumia gololi za beringi zilizochakaa. (Ndugu Mwenyekiti, ni zile zilizotupwa, hazikutoka stoo.) Na tumejifunza kuosha. Mate ya mtu yana ukali, hula zinki iliyomo ndani ya shaba, na hapo huonekana madoa mekundu kama upele. Bomba likifika hali hiyo kipande chake hakina budi kubadilishwa. Dawa ni maji ya vuguvugu na mafuta mepesi, kila baada ya kupuliza, hata kama umechoka na mvua inakuja.

Basi ombi letu ni hili. Pesa zilizo katika daftari la Mweka Hazina zisinunue matarumbeta manne. Kwanza zimlipie kijana huyu nauli na chakula cha miezi mitatu aende Nairobi akakae na mafundi wa vyombo vya bendi, ajifunze hasa kazi ya pistoni, maana hiyo hatuiwezi na fundi wa rejeta haiwezi. Mwalimu wake wa rejeta amekubali kumwachia na kumpokea tena. Zikibaki, zinunue springi, vizibo vya mate, na dawa ya kusugulia. Zikibaki tena, tutafute tarumbeta moja lililotumika, lililopitia mikono mizuri, na kijana mwenyewe ndiye atakayelikagua kabla hatujalipa.

Tumesikia mkisema: je, akijifunza asirudi? Jambo hilo tumelijadili Jumapili tatu. Baba yake amekubali kuandikiana na tawi. Lakini hatutawaficha, karatasi haimfungi mtu. Nairobi ni kubwa, na mwenye ufundi hupata pa kukaa. Tumeona ni afadhali kuhatarisha nauli ya miezi mitatu kuliko kununua vitu ambavyo tunajua kwa hakika vitapanda kabatini. Mwenye wazo jingine atapewa nafasi, na sisi tutakaa chini tumsikilize.

Jambo moja la mwisho. Mjane wa mwenzetu yule wa Malaba ametuma neno kwamba kumbukumbu ya marehemu itafanywa mwezi wa Desemba, na anataka bendi ije. Tulimwuliza kama ana hakika. Alisema mumewe aliibeba ile ngoma miaka mingi, na wimbo ule haukuisha.

Tarumbeta lenyewe la siku ile ndilo hili hapa mezani. Lipitisheni mkono kwa mkono, mlitazame kiraka, na kila mmoja abonyeze vali ya katikati aone kama inapanda. Watoto pia wapewe. Ndugu Mwenyekiti, tumemaliza, na dakika nne bado zipo.